Maua ya Mama na Kiondo Kitupu

Sikuwa mgonjwa, wala sikuwa nimelala. Ilikuwa saa kumi mchana, jua linawaka, hapa hapa Riruta, na niliyoyaona niliyaona.

Mama alipofariki aliniachia maua yake ya porini kando ya ua, yale marefu ya rangi ya chungwa yanayojaa nyuki toka asubuhi. Tukiwa wadogo tuliyachuma tukanyonya utamu wake, naye akatukemea huku anacheka. Basi kwa kumkumbuka nikayadekeza kupita kiasi: samadi kila wiki, maji kila jioni. Mizizi ikaoza. Likabaki shina moja, nalo limelegea, na nililia, usinicheke.

Ndipo akaingia mama mzee mwenye kiondo cha kusukwa cha mistari myekundu. Alilitazama shina lile, akatikisa kichwa.

"Unalisha hii maua kama ng'ombe ya maziwa," akasema. "Hii inataka kuachwa na kiu."

Akatoa mbegu kiondoni, akazitupa kwenye changarawe kavu, pale ambapo hata nyasi zimekataa, akazifunika kwa mguu. Kisha akanipa kiondo nimshikie, akaomba maji ya kunywa. Nilimletea maji, halafu nikamrudishia kiondo kitupu vile vile. Nani kati yetu hakufunzwa na mamake kwamba kiondo cha mgeni hakirudishwi bila kitu, hata kama ni majani ya chai? Alichungulia ndani, akakitia mgongoni. Kwa aibu nikamwuliza jina.

"Ni hilo lako," akasema, akatoka.

Nilimfuata langoni papo hapo. Njia nzima haikuwa na mtu.

Jumapili Tata, dadake mama, alipokuja nilimsimulia. Alirudi kwake akaleta picha ya mama yao, cucu, yaani nyanya niliyepewa jina lake, aliyezikwa kabla sijazaliwa. Alikuwa yeye, na kiondo kile kile mgongoni.

"Na ulimwekea nini?" Tata akaniuliza.

Maua yalichipuka, niamini, na sijayapa hata tone la maji. Nyuki wamerudi. Kila saa kumi huwa nakaa karibu na lango na pakiti yangu ya sukari, lakini hajaja tena. Kwa hivyo wewe ukipata mgeni, angalia amebeba nini kabla hajaondoka. Mimi nilikutana na cucu wangu mara moja tu maishani, nikamwacha aende mikono mitupu.