Koti Moja ya Beverly

Mzee Andati wa Malinya amepaka rangi nyumba za mji wa Shieywe kwa miaka thelathini, na dini yake, ukiacha ile ya Jumapili, ni moja: brashi isionekane. Ukuta wenye michirizi, husema, ni bwana harusi aliyesahau kufunga zipu. "Mimi sipakangi koti moja," huwaambia wenye nyumba. Koti mbili za rangi, msasa katikati. Mafundi wa koti moja huwaombea moto wa milele, tena bila haraka.

Sasa bintiye Beverly alikuwa ameacha ualimu akawa mchoraji, na picha yake ya kwanza ilitundikwa kwenye ukumbi mmoja mjini. Wageni walialikwa saa nne. Andati alifika saa mbili, ukumbi ukiwa mtupu, akaiona, na moyo ukampasuka.

Haikuwa picha ya kitu. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, hata mti. Ilikuwa rangi ya mafuta tu, nene kama obusuma, ule ugali wa nyumbani, michirizi pembe hadi pembe.

"Yesu! Mtoto ataaibika," akasema, akatoa msasa mfukoni. Baba ni baba.

Akainama aanzie pale palipozidi ubaya. Mstari wa kijani ulianza mzito, ukakonda, kisha ukapinda kushoto mwishoni. Andati hutumia mkono wa kushoto. Brashi yake ya inchi tatu, iliyolika upande huo huo na kuacha alama kama hiyo, ilipotea Januari, naye akamshuku kila mtu isipokuwa mwizi. Na kijani chenyewe alikijua: lango la mwalimu mkuu. Ile maruni, mlango wa kanisa. Ile samawati iliyochungulia chini yake, zahanati. Mabaki ya makopo yake ya miaka yote yalikuwa yanapigana pembe kama mafahali wa Malinya, na hakuna rangi iliyokubali kushindwa.

Akainuka. Kumbe michirizi mizuri hivi ndiyo aliyokuwa akiifuta kwa msasa maisha yake yote!

"Baba?" Beverly alikuwa amesimama mlangoni, macho kwenye ule msasa. "Unafanya nini?"

Andati akaurudisha mfukoni. "Kumbe ni wewe uliiba brashi yangu."

"Ndiyo, Baba." Akasogea karibu. "Na picha, umeionaje?"

Mzee akaitazama tena.

"Koti moja imetosha," akasema. "Mtu asiguse."