Ukurasa wa Novemba 13

Marlys Tveit alikuwa na meza mkabala na yangu, pale kwenye kampuni yetu ya programu za kompyuta, Sunnyvale, miaka sita. Mjane, mpole, mchana anakula sandwichi ya samaki wa kopo huku bado anaandika programu. Yeye ndiye aliyebuni menyu ya programu yetu: ukibonyeza picha au jedwali kwenye skrini, kitu chenyewe kinakuletea orodha ya yale kinayoweza kufanya, hayo tu. Leo mnaiona ya kawaida. Wakati ule mimi nilikuwa sijaiona popote.

Kampuni ilikuwa na sheria: kila ukurasa wa daftari la kazi usomwe na mwenzako, atie sahihi na tarehe ya siku hiyo. Bila hivyo, ukibishaniwa mahakamani huna ushahidi kwamba ulibuni wa kwanza. Shahidi wa Marlys nilikuwa mimi. Kila Ijumaa ananiletea daftari.

"Dwight, usinicheleweshee hilo."

"We mama nawe! Utalikuta Jumatatu."

Jumatatu namrudishia vilevile, sijasoma wala kutia sahihi, naye hafunui kurasa za nyuma, ananiamini. Uvivu mtupu, sina la kujitetea. Aprili 1988 nikatia sahihi kurasa za miezi sita kwa mkupuo, nikinakili tarehe alizoandika yeye.

Mwaka 1991 kampuni moja kubwa ikatushtaki. Menyu ile, wakadai, ina hataza yao, yaani haki ya kisheria ya aliyebuni. Waliibuni Januari 1988. Ukurasa wa Marlys ulikuwa wa Novemba 13, 1987, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza. Kilichobaki ni shahidi kuthibitisha.

Wakili wao akanihoji kwa kiapo, Marlys ameketi pembeni.

"Bwana Haugen, Novemba 13, 1987, ulikuwa wapi?"

Akanisogezea fomu yangu ya likizo. Nilikuwa hospitali, nimepasuliwa kidole tumbo. Nikasema yote.

"Na kurasa zenyewe, ulizisoma?"

"Hapana. Hata mmoja."

Tukashindwa. Marlys mwenyewe akapewa kazi ya kuiondoa menyu yake kwenye programu. Siku ya tatu nikajikaza nikamwendea.

"Marlys, nimekuponza. Sahihi ile inaniumiza mpaka leo."

Aliendelea kufuta, mstari baada ya mstari.

"Sahihi nimeshaisamehe, Dwight. Mimi miaka yote nilidhani yupo mtu mmoja humu ndani anayejua ninachofanya."