Bi Takwimu na Polisi wa Mjomba Wake

Jina la Bi Takwimu hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake kazini, katika ofisi ya baraza la mji, kwa sababu kila mtu akitamka jambo, yeye alikuwa na swali lake moja: "Umejuaje?" Mtu akisema siku hizi vijana hawaoi, huulizwa amejuaje. Mtu akisema maji ya bomba la chini ni matamu kuliko ya bomba la juu, huulizwa hivyo hivyo. Mume wake, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko uzi, alipenda kuwaambia wateja kwamba siku alipomposa na kumwambia anampenda, aliulizwa umejuaje, na mpaka leo hajamaliza kujibu.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mwisho kwenye korido, na dirisha lake lilitazama maegesho ya malori ya taka. Humo alihesabu watoto waliochanjwa, taa za barabarani zilizokufa, na madarasa yasiyo na milango. Wengine waliiona kazi hiyo kavu kama kuni. Yeye ilimkolea. Nambari zikikaa sawa, alikuwa akijichekea peke yake, na mfagizi wa korido alikwisha kumzoea.

Basi ikatokea wafanyabiashara wa mjini wakaja juu. Wakasema wanalipa kodi, kituo cha polisi kinakula kodi, lakini hakuna anayejua kama kinafanya kazi au kinapiga usingizi. Baraza likakata shauri: kituo kipimwe, tena kwa takwimu, siyo kwa umbea. Katibu wa baraza alipouliza nani ataibeba kazi hiyo, kila mtu mkutanoni ghafla akawa na shughuli na kamba za viatu vyake. Kumpima polisi ni kama kumhesabu mamba meno, kazi yenyewe ni nyepesi, ila mamba awe amekubali.

Bi Takwimu akanyoosha mkono. "Nitafanya mimi," akasema. "Lakini mjue kabisa kwamba mkuu wa kituo ni mjomba wangu. Yeye na mama yangu ni tumbo moja."

Katibu akafikiri kidogo. "Katika mji huu kila mtu ni mjomba wa mtu. Liandike hilo ukurasa wa kwanza, lisomwe na wote. Na hesabu zako zote zipitiwe na mwalimu wa hisabati wa sekondari. Yule hana upendeleo, hajawahi kumpendelea hata mwanafunzi mmoja."

Siku ya kwanza alipofika kituoni, mjomba alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa kitambi na kicheko, sare yake imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Pima mpaka uchoke. Sisi hatuna cha kuficha."

Akamwonyesha ubao mkubwa ukutani. Kila askari alikuwa na jina lake na mstari wa karatasi za rangi, karatasi moja kwa kila mtu aliyemkamata. Mstari wa sajenti anayesimamia mtaa wa mlimani ulikuwa umevuka ubao ukapanda ukutani. Wa mwisho kabisa, mwenye vikaratasi vya kuhesabika kwa vidole, alikuwa askari wa mtaa wa sokoni, mtu mzima waliyemwita Polepole.

"Huyu mwezi ujao nampeleka stoo," mjomba akasema. "Akalinde baiskeli zilizokamatwa. Hizo hazitamkimbia."

"Kwani mjomba, kukamata wengi ndiyo kazi nzuri? Umejuaje?"

"Mwindaji hupimwa kwa nyama, mwanangu."

"Na mganga je? Hupimwa kwa wagonjwa anaowafungia ndani?"

Mjomba akacheka mpaka vifungo vikalalamika, akamkabidhi madaftari ya kumbukumbu za kituo.

Nyumbani, Bi Takwimu aliandika nambari za nyumba zote za mji kwenye vipande vya karatasi, akavitia ndani ya sufuria kubwa, akamwita mumewe avichomoe huku amefumba macho. Hakutaka mtu aje kusema kwamba amechagua nyumba za walalamishi.

"Na ikitoka nyumba yetu?" fundi akauliza, mkono umo ndani ya sufuria.

"Utajibu maswali kama wengine."

"Kumbe nitapata nafasi ya kusikilizwa humu ndani," akasema, akachomoa ya kwanza.

Kazi ya mguu ikaanza. Maswali yalikuwa ya kawaida. Je, umeibiwa au kushambuliwa mwaka huu? Ulikwenda polisi? Walifika? Ulielezwa lolote baadaye? Umewahi kuwalalamikia, na ulijibiwa? Yakikupata tena, utawaita? Lakini maswali mepesi yakiulizwa mahali penye hofu huwa mazito. Kule mlimani, ambako njia ni ngazi zilizochimbwa kwenye udongo na nyumba zimeegemeana mabega, watu walimpokea kwa midomo iliyoshonwa. Muuza mkaa mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, alisimama mlangoni akajibu kama anayesoma ubaoni: "Polisi wetu ni wazuri sana. Tunawashukuru."

Bi Takwimu akaandika hivyo hivyo. Mama yule akainama kutazama karatasi. "Mbona hujaandika jina langu?"

"Hakuna mahali pa jina, dada. Angalia mwenyewe."

Mama akaigeuza karatasi mbele na nyuma. Kisha akamshika mkono, akamvuta ndani, akampa kigoda. "Sasa kaa, tuanze upya."

Alikuwa ameibiwa magunia mawili, hakwenda kusema. Mtoto wa dada yake alilazwa mahabusu siku nzima kwa kosa la kuuliza kosa lake ni nini. Hilo ndilo lililompandisha hasira akaenda kuandika malalamiko.

"Ulijibiwa?"

"Nijibiwe na nani? Sanduku la malalamiko liko kaunta, chini ya kiwiko cha sajenti. Nilikuwa nakwenda kumlalamikia yeye, na kalamu akaniazima yeye." Wakatazamana, kisha wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu, ingawa jambo lenyewe halikuwa la kucheka.

Huko sokoni mambo yalikuwa mengine. Polepole alijulikana na kila mtu, hadi kwa ugonjwa wake wa goti. Wapagazi wawili walisimulia jinsi walivyokuwa wakipigana, naye hakumkamata yeyote. Aliwabebesha gunia moja pamoja hadi mwisho wa barabara, na walipolitua, hakuna aliyekumbuka ugomvi ulianzia wapi.

Bi Takwimu hakutaka kuchukuliwa na masimulizi matamu. Alijifungia chumbani kwake na karatasi zake, akajumlisha, akagawanya, akajumlisha tena. Kwa kumbukumbu za kituo, mtaa wa mlimani ulikuwa na visa vichache vya wizi na watu wengi waliokamatwa. Ukitazama haraka, utasema sajenti amemaliza wezi. Lakini karibu wote waliokamatwa walishikwa kwa uzururaji, na kwa majibu ya nyumbani, kati ya kila watu kumi walioibiwa mlimani ni wawili tu waliopiga hodi kituoni. Kwa Polepole walikwenda wanane. Wizi wa mlimani haukuwa mchache. Ulikuwa kimya. Na kati ya wote waliowahi kutia barua kwenye sanduku la malalamiko, hakupatikana hata mmoja aliyejibiwa.

Mwalimu wa hisabati alizipitia hesabu, akavua miwani, akasema, "Sahihi." Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa sherehe.

Lakini safari hii nambari zilikaa sawa, naye hakujichekea. Mkutano wa hadhara wa kuisoma taarifa yake ulikuwa unakaribia. Jumapili alasiri akapiga moyo konde, akaenda nyumbani kwa mjomba. Alimkuta barazani amevaa fulana, anawatupia kuku mahindi. Mjomba alisoma taarifa polepole, na kila ukurasa ukampunguzia kicheko usoni.

"Mimi niliyekubeba mgongoni kuvuka mto," akasema hatimaye, "leo unakuja kunivua nguo mbele ya mji mzima?"

"Mjomba, ningetaka kukuvua nguo ningesubiri siku ya mkutano. Nimekuja mapema ili uvae."

Mjomba akaikunja taarifa. Kuku wakamzunguka miguuni wakidai haki yao. "Na utajuaje kwamba hao watu hawakukudanganya?" akauliza.

Bi Takwimu akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hilo ndilo swali zuri. Usiniamini mimi wala wao. Nenda kajaribu mwenyewe."

Mke wa mjomba, ambaye muda wote alikuwa akichambua mboga kana kwamba hasikii, akainua kichwa. "Nyani haoni kundule, baba watoto. Kajaribu." Akaendelea na mboga zake.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa hadi madirishani. Bi Takwimu alisimama mbele, karatasi mkononi. Alianza na yaliyo mema, kwa kuwa nayo yalikuwa kweli: kwenye barabara kuu ukiita polisi, wanafika chai yako bado ya moto. Kisha akaja mlimani. Akaeleza kuhusu wizi ulio kimya, uzururaji, sanduku chini ya kiwiko. Akaeleza kuhusu ubao wa vikaratasi na askari aliye mkiani, ambaye mtaani kwake ndiko watu wanakowaita polisi bila woga. Alipomaliza, macho yote yalimgeukia mkuu wa kituo.

Mjomba akainuka. Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Siku chache zilizopita," akaanza, "nilipanda mlimani bila sare. Nikaazima simu kwa muuza mkaa mmoja, nikabana pua, nikapiga kituoni kwangu. Nikasema nimeibiwa. Sauti ikaniuliza, 'Umeshaibiwa, au unaendelea kuibiwa?' Nikasema nimeshaibiwa. Ikaniambia, 'Basi mambo yameisha, njoo kesho.'"

Kicheko kikaanzia nyuma.

"Nikauliza, na kama ningekuwa naendelea kuibiwa? Ikanijibu, 'Usingekuwa na simu ya kupigia.'"

Ukumbi ulipasuka. Watu waliangukiana mabegani, katibu wa baraza akafuta machozi kwa ajenda ya mkutano, na mwalimu wa hisabati alionekana akionyesha meno, jambo ambalo wanafunzi wake walilijadili muhula mzima. Mjomba akasubiri watulie.

"Hata mimi nilicheka, ngazi zote za kushukia. Nilipofika nyumbani sikucheka. Muuza mkaa yule hana mjomba polisi, na hiyo ndiyo sauti anayoipata kila siku. Mpwa wangu amesema kweli, na kweli hiyo ni ya kwangu kabla ya kuwa ya sajenti. Ubao ule niliutundika mimi."

Siku ile ile ubao ukashushwa. Sajenti akaitwa na wakubwa wake kujieleza, na hakurudi mlimani. Sanduku la malalamiko likahamishiwa zahanati, ufunguo ukakabidhiwa kamati ya wakazi yenye muuza mkaa ndani yake, na kila mwezi majibu yakabandikwa ukutani bila majina. Polepole, badala ya kulinda baiskeli, akaambiwa awafundishe wenzake. Aliombwa aseme neno pale pale ukumbini, kabla mkutano haujafungwa. Alichukua muda kusimama, kwa ajili ya goti.

"Sina mengi," akasema. "Mimi nawasikiliza tu. Wakimaliza kusema, mara nyingi hakuna tena wa kukamatwa."

Fundi cherehani ndiye aliyeanza kupiga makofi, na mkewe akamwona kule mstari wa katikati, amesimama juu ya kiti.

Mwaka uliofuata taarifa za wizi kutoka mlimani zilipanda zaidi ya mara mbili, na diwani mmoja akaja juu, akidai mageuzi yameleta wezi. Bi Takwimu alikuwa amejiandaa kumjibu, lakini mjomba alimwahi. "Mheshimiwa, zahanati ikipata wagonjwa wengi baada ya kupata daktari, utasema daktari ndiye aliyeleta homa? Zamani waliibiwa wakanyamaza. Sasa wanakuja kusema. Waulize." Waliulizwa, nyumba kwa nyumba, na kweli wizi wenyewe ulikuwa umepungua. Kati ya kumi walioibiwa, sasa saba walikwenda kituoni. Mpwa alimsikiliza mjomba wake akieleza asilimia kama mtu anayesimulia harusi ya mwanawe, na hakumkatiza hata pale alipotia chumvi kidogo.

Katika mzunguko huo wa pili, kinyozi mmoja wa mlimani alimwambia Bi Takwimu kwamba yeye ana malalamiko mazito. Bi Takwimu akaandaa kalamu.

"Hawa polisi wako siku hizi wanasalimia mno," kinyozi akasema. "Wanaingia, wanakaa kwenye viti vya wateja, wanauliza habari za watoto, habari za jirani. Mimi ninyoe nani?"

"Hayo ndiyo malalamiko yako?"

"Ndiyo. Andika."

Akayaandika kama yalivyo, bila kupunguza neno. Mwisho wa mwezi jibu lilibandikwa kwenye ukuta wa zahanati pamoja na mengine: malalamiko yamepokelewa, ni ya kweli, na kuanzia sasa askari watakaoingia kwa kinyozi watanyolewa kwa gharama zao au watasalimia wakiwa wamesimama. Bi Takwimu alilisoma pale akiwa njiani kwenda kazini, katikati ya watu waliokuwa wakisomeana kwa sauti, akashuka ngazi za zahanati akicheka peke yake.