Wimbo wa Nyongeza

Nimechoka kupendekeza vitu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanidhania furaha nisiyokuwa nayo. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa na kibanda hapa Nyamwaga, cha kuchaji simu na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori, na miaka yote hiyo ugonjwa wangu umekuwa mmoja. Nikisikia wimbo mzuri wa mtu asiyejulikana, au nikipata kitabu ambacho mwandishi amekichapisha kwa hela zake na kukiuza mkononi, situlii mpaka nimpe mtu mwingine. Huyo mtu mwingine, mara nyingi, alikuja kuchaji simu tu.

Niliwahi kuonyesha filamu hapo kibandani, kwenye kompyuta yangu. Vijana wa mkoa mwingine walikuwa wameipiga kwa simu. Ilimhusu mwanamke anayezunguka kurudisha sufuria aliyoazima kwa jirani ambaye amekwisha hama. Mimi niliitazama mara tatu nikalia mara zote tatu. Niliwaita wateja saba, wakakaa kwenye benchi. Katikati ya filamu mmoja akauliza, "Sasa adui ni nani?" Nikamwambia hakuna adui. "Kwa hiyo tunamsubiri nani?" Watano wakatoka. Wawili waliobaki simu zao zilikuwa hazijajaa.

Kitabu nacho nilimwazima mwalimu mmoja wa shule ya jirani. Alikaa nacho karibu mwaka, akanirudishia akisema ni kizuri mno, kimemgusa. Ndani yake kulikuwa na kipande cha karatasi alichowekea alama, kwenye ukurasa wa sita. Nilikipangusa vumbi nikakirudisha rafuni.

Lakini kwenye nyimbo nilikuwa na mbinu. Ukinunua dagaa sokoni kwetu, muuzaji akishapima huchota tena kidogo akakuongezea, na hakuna mteja aliyewahi kukataa nyongeza. Basi na mimi nikaanza. Mtu akija na memori yake akachagua nyimbo thelathini na tisa, namwekea zake zote, halafu mwishoni kabisa namwekea wa arobaini, wa kwangu, bila kumuuliza. Niliwaza kwamba siku moja atakuwa analima au anaosha vyombo, nyimbo zake zitaisha, na huo mmoja utamkuta mikono haina nafasi ya kuuzima. Nilikuwa na imani kubwa na hilo.

Watu walirudi kulalamika. "Mama, kuna mtu umemweka huku mwisho, analia." "Mama, huyu wa mwisho ni nani, mbona hachezeki?" Wengine walinitania wakisema kwangu ukinunua kuku unapewa na jogoo mgonjwa. Nilicheka nao, nikaendelea.

Nyongeza niliyoipenda kuliko zote ilirekodiwa hapo hapo kibandani. Mwimbaji alikuwa mchimbaji wa dhahabu, kijana kutoka Tabora, mmoja wa wale waliokuja huku na begi moja na kuambiwa kwamba watarudi kwao na gari. Alikuwa na gitaa lililobakiwa na nyuzi nne. Alikuja kuchaji simu, akakaa kwenye benchi, akaanza kupiga taratibu huku anasubiri, na mimi nikaacha nilichokuwa nafanya. Wimbo ulihusu jembe alilolisimamisha nyuma ya mlango wa mama yake siku alipoondoka. Analiomba jembe lisimhesabie siku. Hakuna kingine kinachotokea katika wimbo huo, na sauti yake ilikuwa nzito, ya polepole, kama ya mtu anayeongea na mnyama asimshtue.

Nilimwambia, "Mdogo wangu, wimbo wa nani huo?"

"Wangu, dada."

Nilifunga mlango wa kibanda mchana kweupe, nikaweka simu yangu juu ya kopo la rangi, nikamrekodi. Mashine ya kusaga ya jirani inasikika mle ndani toka mwanzo hadi mwisho. Kwa miezi mingi baada ya hapo, kila memori iliyopita mikononi mwangu iliondoka na wimbo huo. Naamini zilikuwa mamia. Nilikuwa nikienda sokoni nawaangalia watu usoni, nikijiuliza nani ameshausikia.

Halafu nikachoka. Simu za kupangusa ziliingia, watu wakanunua bando, wakawa wanajitafutia nyimbo wenyewe. Waliobaki kwangu ni wenye redio ndogo, na hao walitaka nyimbo za wasanii wakubwa tu, mpya, zote, leo. Kompyuta ikajaa. Siku moja, mteja amesimama ananihimiza, nilifungua folda yangu ya nyongeza, nikaitazama kidogo, nikaifuta yote ili nipate nafasi ya zile nyimbo arobaini alizozitaka. Sikuhuzunika. Nilijisikia nafuu, kama mtu aliyetua ndoo, na hiyo nafuu ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Mwaka huu, mahindi yalipoanza kubeba, mtu mmoja alisimama mlangoni akanisalimia kwa mnong'ono. Nilidhani ananitania. Nikamwangalia vizuri, nikamtambua, yule kijana wa Tabora, amekonda na ameota mvi mbili tatu. Aliingia akakaa pale pale kwenye benchi, ikabidi nisogee karibu ili nimsikie. Aliacha machimbo, akaoa, akapata shamba Busawe. Baadaye koo likaugua. Alitibiwa, akapona, lakini sauti haikurudi.

"Nina binti, dada," alininong'oneza. "Ana miaka mitano. Hajawahi kunisikia. Anajua hii tu." Akajigusa kooni. "Simu yangu ya zamani ililowa shimoni. Ule wimbo bado unao?"

Simu niliyomrekodia niliiuza zamani. Nilijua hilo na nilijua nilichokifanya kwenye kompyuta. Nikamjibu, "Upo."

"Kweli?"

"Upo kwenye diski nyingine. Njoo siku ya mnada wiki ijayo."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alipoondoka nilikaa nikajitukana kwa Kikurya, maana Kiswahili hakikutosha.

Kwa siku nne nilitafuta wateja wangu wa zamani. Nilianza na fundi cherehani anayeshona karibu na sokoni, ambaye redio yake huwa haizimwi. Alinikumbuka haraka mno. "Ule wa jembe? Niliufuta siku ile ile, mama, usinichukie. Wateja walikuwa wanadhani nimefiwa." Nikapanda gari hadi Sirari kwa wakala mmoja wa forodha niliyekuwa nikimjazia flashi ya gari lake. Yeye anashinda na madereva kutoka upande wa pili wa mpaka na amekwisha kuchukua lugha yao. "Aki mathe, hiyo ngoma nilidiliti kitambo," akaniambia. "Ilikuwa inanishikisha usingizi kwa barabara." Alikuwa na adabu, alininunulia soda. Niliinywa nikiwa nimesimama huku malori yakisubiri zamu, na nilitamani kummwagia mtu.

Wengine walikuwa wamepoteza memori. Wengine walibaki kuniangalia, maana hata kunikumbuka walishindwa. Sikukutana na mtu hata mmoja aliyeuweka kwa kuupenda. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba watu wakipewa nafasi wataupenda, na sasa nilikuwa nikipita mlango kwa mlango nikiambiwa kwamba walipewa, wakafuta. Kilichonichosha zaidi ni kwamba sikuwa na haki ya kuwakasirikia.

Siku ya tano, kesho yake ndiyo mnada, nilimkumbuka mama mmoja mzee mwenye shamba la mahindi na migomba nje kidogo ya Nyamwaga. Nilimjazia memori mara moja tu, zamani, wala hakurudi tena. Nilifika kwake jua limekwisha panda. Redio ilikuwa imefungwa kwa mpira juu ya nguzo katikati ya mahindi, inapiga kwa nguvu, naye anapalilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda. "Wewe si ndiye uliyeniwekea yule mtu wa mwisho?"

"Ndiye mimi. Bado yumo?"

"Ataenda wapi? Kitufe cha kuruka kilikufa siku nyingi. Mura yule, kijana mvivu kweli, anaimba kama kasukumwa."

Nilimwomba anipe memori niinakili kwenye simu yangu, ni dakika mbili tu. Alikataa katakata. Redio ile haikuwa yake, alisema, ni ya tumbili. Wakisikia watu wanaongea na kuimba hawashuki kwenye mahindi. Ikinyamaza kidogo tu wanajua. Tena ukiizima, ukiwasha inaanza upya kutoka wimbo wa kwanza, na siku yake inaharibika.

"Inaharibikaje, mama?"

"Ngoja ufike, utaona."

Basi nikangoja. Nilikaa chini kwenye kivuli cha migomba nikasikiliza nyimbo tisa, zile zile nilizoziweka miaka ile huku nimenuna, na mwenye shamba akaendelea kupalilia bila kunijali. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilianza kuzipenda mbili kati yake. Niliwaza kwamba wimbo niliousambaza kwa mamia ya watu umebakiwa na wasikilizaji wa aina moja, na hao wana mikia.

Wimbo wa thelathini na tisa ukaisha. Kikaja kimya kifupi, halafu ikatoka sauti ya mwanamke: "Haya, anza." Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nimo mle ndani. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye haraka na furaha, anayeamini kwamba kila atakayesikia kinachofuata atashukuru. Nilimwonea huruma mwanamke yule, nikamwonea na wivu. Kisha ikaingia mashine ya kusaga, zikaingia nyuzi nne, na kijana wa Tabora akaanza kuliomba jembe.

Yule mama alisimama wima, akalaza jembe lake kwenye mtaro, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Unaona? Nikiwasha asubuhi baada ya chai, huyu akifika ni saa ya kwenda kupika. Wajukuu wakirudi shuleni wanakuta ugali."

Alielekea kwenye nguzo ya redio huku midomo yake ikimfuatisha, neno kwa neno, hata pale kwenye kiitikio ambapo mwimbaji huchelewa kidogo. Hakujua kwamba anafanya hivyo. Wimbo ulipokwisha aliizima redio, mjukuu mkubwa aliyekwisha kumaliza shule akachukua zamu ya kuwapigia tumbili debe, na mimi nikapewa memori. Niliinakili mara tatu. Nikamwambia, "Mama, kwa vile hukumpenda, nikufutie?"

Alinishangaa. "Ukimfuta nitajuaje saa ya kupika?"

Siku ya mnada yule kijana wa Tabora alikuja mapema, amevaa shati safi. Niliuwasha wimbo kwenye spika ya kibandani. Aliusikiliza ameinama, mkono kooni, na nikaona koo lile likijaribu kupanda pale ambapo sauti inapanda. Ulipokwisha aliinua kichwa. Halafu akaninong'oneza, "Nilikosea uzi hapo katikati."

"Sikuwahi kusikia."

"Mimi nasikia." Akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Asante kwa kunitunzia, dada. Miaka yote hii."

Ningeweza kuipokea asante ile. Nilikuwa nimechoka na ilikuwa imeshafika mlangoni. Lakini sikuweza.

"Sikuutunza," nikamwambia. "Niliufuta mwenyewe, nipate nafasi ya nyimbo za watu wakubwa. Na wote niliowapa waliufuta. Amebaki nao mama mmoja tu, ambaye kitufe cha redio yake kimekufa."

Aliniangalia. "Anaupenda?"

"Hapana. Anasema wewe ni mvivu. Anautumia kujua saa ya kwenda kupika."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kisicho na sauti, mpaka akakohoa nikampa maji. Alipotulia alitoa memori mfukoni. Nilimuuliza kama niuweke huo mmoja peke yake, ili mtoto ausikie vizuri.

Akatikisa kichwa. "Atausikia mara moja, atachoka. Weka kwanza zile anazozipenda. Mimi niweke mwisho."

"Anapenda zipi?"

Alinitajia moja moja kwa mnong'ono, nami nimesogeza sikio. Nilizijua zote. Zilikuwa za wale wale wasanii wakubwa, na kadhaa zilikuwa zile zile zilizonifanya niufute wimbo wake ili zipate nafasi. Niliziweka zote thelathini na tisa, taratibu, bila kununa. Kisha nikauongeza wa kwake.