Vazi la Zambarau la Kompyuta

Watu walimwita Fleshi. Jina hilo lilibaki tangu enzi za kibanda chake cha picha na halikumfaa hata kidogo, kwa kuwa hakuwahi kufanya jambo lolote upesi. Alikuwa mtu wa kutazama. Wateja wake wa zamani wanakumbuka alivyokuwa akiwakalisha kwenye stuli, akawainua kidevu kwa kidole kimoja, kisha akarudi nyuma ya kamera na kuzama humo hadi tabasamu likawanyauka usoni. Ndiyo maana picha zake zote zinaonyesha watu wenye busara.

Simu zilipoanza kumfanya kila mtu mpiga picha, kibanda kilifungwa bila kelele, na Fleshi akahamia pembe ya sebule yake na kompyuta moja. Sasa alitengeneza picha za zamani: zilizochanika, zilizolowa, zilizotafunwa na panya. Watu walimletea marehemu wao kwenye bahasha, naye akawarudishia sikio, mkono, nusu ya kola.

Mkewe alikuwa akifuma vitambaa. Katika nyumba ile redio ilikuwa na kitambaa, chupa ya chai ilikuwa na sketi, na mtungi wa gesi ulivaa kitu kilichokaribia kuwa gauni. Kompyuta ilipoingia ilikaa uchi kwa muda mfupi tu. Mama huyo alilipima lile kasha kubwa linalosimama kando ya skrini, mbele, nyuma na ubavuni, akalifumia vazi la zambarau lenye maua mazito, lililobana vizuri, akaacha tundu la kitufe cha kuwashia na jingine la kupitishia waya. Ilikuwa kazi yake bora kuliko zote. Wageni waliisifu kabla ya kumsalimu mwenye nyumba.

Maradhi yalianza taratibu. Mchana, jua likishafika dirishani, feni iliyo ndani ya kasha ilianza kuvuma, kwanza kwa mbali, kisha kama mtu anayepuliza chai ya moto, halafu kama watu wengi wanaopuliza chai moja. Michirizi ilikatiza skrini. Kisha giza, kimya, na Fleshi akabaki anatazamana na uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi.

Tena skrini yenyewe ilibadilika. Tangu usafi mkubwa wa mwisho, mkewe aliposogeza kila chenye miguu na kisicho na miguu, rangi zote zilipoa, zikaelekea kwenye kijani cha maji. Fleshi aliamua kwamba skrini imezeeka, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa na haki ya kulilaumu. Na kusema kweli, alipenda. Pazia likishushwa, sebule yote ilichukua mwanga ule, na ilikuwa kama kukaa chini ya bwawa lililotulia, watu wa zamani wakielea mbele yako na kola zao, hakuna anayetaka kitu. Mara nyingine alisahau kufanya kazi. Mara nyingine alisahau kwamba amesahau.

Alipopiga simu kwa fundi wa kompyuta, fundi alimuuliza, "Mzee, umejaribu kuizima halafu ukaiwasha?"

"Inajizima yenyewe."

"Basi nusu ya kazi imeshafanyika."

Fleshi akafanya nusu iliyobaki. Akaweka beseni la maji baridi chini ya meza. Akahamisha meza kutoka dirishani. Akafikia hatua ya kuongea nayo kwa sauti ya chini, kama unavyoongea na ng'ombe mwenye hasira. Kuhusu vazi la zambarau hakuwaza lolote. Lilikuwa pale muda mrefu mno. Aliliona kama unavyoiona ngozi ya mtu.

Angeweza kuendelea kuishi hivyo, lakini dada yake alikuwa anakuja Jumamosi.

Dada huyu, mkubwa wake kwa miaka mingi, ndiye aliyemlea. Sasa alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishakwenda, na la kulia lilikuwa linajifunga kutoka pembeni, akiona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na daktari alimwambia wazi kwamba bomba litazidi kuwa jembamba. Dada hakulia. Alifungua sanduku, akatoa picha pekee ya mama yao, akamtumia mdogo wake. Rangi zake zilikuwa zimefifia zikawa kama maji yaliyooshewa vikombe, na unyevu ulikuwa umekula kitambaa cha kichwani chote. "Nitengenezee," alimwambia kwenye simu. "Kubwa. Nataka nimtazame vizuri wakati bado kuna cha kutazamia."

Mama alifariki Fleshi akiwa bado anabebwa. Hakuwa na kumbukumbu ya uso wake hata chembe, na sasa alikuwa anaupaka rangi. Siku baada ya siku, kati ya joto na giza, alikaa kwenye bwawa lake la kijani akimrudishia mama mashavu. Mama alionekana mgonjwa, kapauka, kama mtu aliyekaa sana majini. Fleshi akamwongezea wekundu. Akamwongezea tena. Kitambaa cha kichwani alikipaka bluu, kwa sababu bluu ilipendeza. Usiku wa kuamkia Jumamosi aliichapa bila kuiangalia sana, kwa kuwa taa ya sebule ni ya kuonea viti tu, akaiweka kwenye bahasha.

"Hodi hapa!"

"Karibu, wifi, karibu! Shikamoo."

"Marahaba. Mbona nyumba yenu giza hivi? Au ni mimi?"

"Si wewe, wifi. Ni mdogo wako, kashusha mapazia. Anasema kompyuta inasikia joto."

"Inasikia joto na inaogopa mwanga. Hiyo ina malaria."

Dada aliingia ameshika bega la wifi yake, akakalishwa kwenye kochi karibu na dirisha, na pazia likafunguliwa kwa heshima yake. Fleshi alimpa picha kwa mikono miwili. Dada aliisogeza hadi karibu na jicho lake lililobaki, akaitembeza polepole, juu, chini, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye nyasi.

Akaitembeza tena. Fleshi alidhani ni majonzi.

"Mdogo wangu," dada alisema mwishoni. "Mama alitoka kwenye tanuri?"

Fleshi akaichukua. Kwenye mwanga wa mchana, mama yao alikuwa mwekundu kama nyanya iliyoiva, anatabasamu kwa upole wote katikati ya janga hilo.

"Lakini hapa yuko sawa!" alisema, akakimbilia kompyuta. "Njoo uone, dada. Hapa yuko sawa kabisa."

Dada alisogezewa kiti hadi mbele ya skrini. Mama alitokea, kapoa, na uso wake ulikuwa kweli kama uso wa mtu. Dada akainama. Pua yake ilikaribia kugusa kioo. Akafungua mdomo aseme kitu, feni ikapanda, michirizi ikapita usoni mwa mama, na mama akatoweka.

"Ameondoka," dada alisema taratibu.

Ndipo Fleshi alipoingiwa na hofu ya kweli. Mpaka hapo alikuwa na kompyuta mbovu. Sasa aliliona lile jicho moja likiwa limekodolea kioo cheusi, likisubiri, na akaelewa kwamba kila mchana aliopoteza akielea na kola za watu, aliuchota kwenye hazina ya jicho lile.

Mkewe alikuwa amesimama na trei. Aliiweka chini, akaja, akafanya ambacho hakuna fundi aliyekifanya: aliweka kiganja juu ya kasha, kama unavyogusa paji la mtoto.

"Hii inaungua," alisema. "Baba, hii inaungua kabisa! Na wewe unaitazama tu?"

"Nimeiwekea maji chini ya..."

"Maji ya kazi gani? Mtoto akiwa na homa si unamvua nguo?"

Alisema hivyo, kisha akajisikia akisema. Fleshi alitazama sakafu kwa bidii. Mkewe alilitazama vazi lake, maua yake, mshono ule wa pembeni alioufumua na kuurudia hadi ukakaa sawa, akalivuta kwenda juu kwa mkupuo mmoja, na kompyuta ikabaki uchi, nyeusi, na matundu yake ya hewa yote yamezibwa na pamba laini ya zambarau.

"Usiseme neno," alimwambia mumewe.

"Sijasema."

"Unataka."

Akamtupia dada vazi mapajani, akaleta bisibisi. Walichomoa waya wa umeme, wakaiacha ipoe, wakafungua ubavu. Ndani, feni ilikuwa imejifumia sweta yake yenyewe kwa nyuzi zilizodondoka kutoka nje. Fleshi alizitoa kwa brashi laini ya kusafishia lenzi, polepole, na kwa mara ya kwanza maishani polepole yake haikumuudhi mtu. Vumbi lilipanda kwenye mwanga wa dirisha, likakaa hewani, dogo, la zambarau, likizunguka bila haraka. Watu watatu walilitazama. Au wawili na robo, kama dada alivyosema baadaye.

Dada ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ameliinua vazi hadi kwenye jicho lake.

"Wifi, uzi huu uliupata wapi?"

"Dukani tu. Ulikuwa wa mwisho."

"Kitambaa cha mama kilikuwa rangi hii. Si bluu. Hii hii. Alipokuwa akiinama kukuchukua, wewe Fleshi, kilikuwa kinamteleza, na wewe unakivuta."

Fleshi aliinuka. Alichukua pindo la vazi, akaliweka kwenye skana, akaiwasha kompyuta uchi vile vile. Feni ikaanza kuzunguka kwa sauti ndogo kama mtu anayegeuka usingizini. Pindo likatokea kwenye skrini, kando ya mama.

Lilikuwa bluu.

Alilitazama vazi mapajani mwa dada: zambarau. Skrini: bluu. Akarudia mara kadhaa, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa.

"Skrini haioni wekundu vizuri," alisema. "Jamani, haioni wekundu! Ndiyo maana nilikuwa namwongezea."

"Kwa hiyo na yenyewe ina macho mabovu," dada alisema. "Pole yake."

Fleshi alipiga magoti nyuma ya meza, akaufuata waya wa skrini kwa vidole hadi unapoingia kwenye kasha. Ulikuwa umelegea upande mmoja, umening'inia tangu ule usafi mkubwa. Aliusukuma, akakaza skrubu zake mbili, na huko mbele akasikia wanawake wawili wakisema "Aa!" kwa pamoja.

Bwawa lilikuwa limekauka. Sebule ilikuwa sebule, yenye kochi na trei, na kwenye skrini mama alikuwa mwekundu vile vile kama kwenye karatasi. Fleshi aliona uchungu kidogo, wa mtu aliyeamshwa. Kisha akavuta kiti karibu na cha dada.

"Niambie," alisema.

"Punguza huo moto kwanza."

Akapunguza.

"Zaidi. Mama hakuwa na hasira. Zaidi. Shavuni rudisha kidogo, hapo alikuwa na joto. Paji la uso lilikuwa jeusi zaidi, la kung'aa. Kama lako ukitoka juani. Sasa kitambaa."

Akaitoa rangi kwenye pindo, akaishusha kichwani mwa mama. Jua lilifika dirishani, saa ile ile ya maradhi, na mkewe akaenda kusimama kati ya jua na meza, mikono kiunoni, kivuli chake chote kikalala juu ya kasha. Feni haikupandisha sauti.

"Hapo," dada alisema. "Usiguse tena. Hapo."

Akainama, akalitembeza jicho lake: kitambaa, paji, shavu, kidevu. Akarudi juu. Alipita pale pote bila haraka, na hakuna kilichozimika.

"Shikamoo, mama," alisema.

Fleshi aliuchunguza uso ule alioupaka kwa mikono yake na ambao hakuwahi kuujua. Alijaribu salamu, sauti ikatoka ndogo, ya mtu anayebebwa.

Jioni dada aliondoka na picha mpya kwenye bahasha, na vazi la zambarau begani kama mtandio. Aliyelifuma hakuwahi kumpa mtu kazi yake bure, wala hakuombwa. Alimfunga tu, akamwambia huko njiani kuna baridi, ingawa hakukuwa na baridi yoyote. Kompyuta ilibaki uchi pembeni mwa sebule, kama mtu aliyetoka kuoga akakuta wageni. Wakilala hawaizimi, mama asije akaondoka tena.