Bibi na Shingo za Mashujaa Watano

Bibi yangu amekwisha kata shingo nyingi. Amemkata mama anayetabasamu kwenye kopo la maziwa ya unga, jogoo wa kwenye pakiti ya supu, na mtoto mchanga wa kwenye boksi la nepi za dada yangu. Silaha yake ni kalamu ya wino wa buluu. Anachora mstari mmoja kati ya kichwa na kiwiliwili, basi, picha haina uhai tena, na malaika, wasioingia nyumba yenye picha za viumbe, wanaingia ndani kama kawaida. Tulipokuwa wadogo kila mchoro tulioleta kutoka skuli ulipita mkononi mwake kwanza. Nilikuwa nikichora baba, mama na mimi, na sote watatu tukirudi kwenye begi tumekwisha chinjwa.

Anasali ukumbini. Magoti yake hayapendi ngazi, na ubaridi wa kiyoyozi unafika pale vizuri. Mswala wake umetandikwa pembeni ya kochi, na kiti cha plastiki juu yake, maana siku hizi anasali kwa kukaa. Nyumba yetu ya Ansab, hapa Oman, ina vyumba vingi kuliko watu, lakini pahala pale ni pake tangu tulipohamia, na hakuna aliyewahi kumwambia asogee.

Mimi ni mtu mzima. Nafanya kazi serikalini, navaa kanzu ya dishdasha iliyonyooka, na watu wananiletea karatasi nitie saini. Ndiyo maana ilinichukua muda kumwambia mtu yeyote kwamba nasoma vitabu vya katuni vya Kijapani.

Aliyeniambukiza ni Mkenya mmoja wa gereji ninayopeleka gari, kule mtaa wa Ghala. Yeye hukaa kwenye dirisha la mapokezi, anaandika gari gani limeingia na linaumwa nini. Siku hiyo breki zangu zilikuwa zinalia, mafundi wamezidiwa, nikakaa kusubiri na hasira zangu. Kusubiri si kipaji changu. Nikamwona yule bwana anasoma kitu chini ya meza, macho yamemtoka. Nikamwomba nitazame. Nikakifungua kama ninavyofungua kitabu chochote cha Kiingereza, nikakutana na watu wanamlilia mtu aliyelala chini.

"Wewe!" Alicheka mpaka kalamu ikamwanguka. "Mwarabu mzima, na unaanzia kitabu mwisho! Hii inasomwa kama Kiarabu, sadiki, rafiki yangu. Anza huku."

Niliona aibu ya kweli. Msahafu nausoma tangu nina miaka mitano, gazeti nalisoma kutoka kulia kila asubuhi, lakini nilipoona herufi za Kiingereza tu, mikono ikaniasi. Nikageuza kitabu, nikaanza upya.

Kilikuwa kitabu cha kwanza cha hadithi ya kikosi cha mashujaa watano. Ni vijana wa mji mdogo wa Japani, kila mmoja na barakoa ya rangi yake, wanapigana na jitu lililotoka mlimani. Mpaka hapo hakuna jipya. Lakini hawa watano wanagawana nguvu moja, kama watu wanaokula sinia moja la wali: mmoja akichota zaidi, wenzake wanapungukiwa. Mwekundu akiruka juu ya paa, wa kijani huko chini magoti yanamlegea. Kwa hiyo kabla ya kila pigo wanatazamana, kuulizana nani atatoa. Hapo mchoraji ameweka ukurasa mzima wa macho tu, jozi tano za macho, bila neno hata moja. Nilipoufikia ukurasa huo nilisahau breki. Sikujua kwamba wino mweusi kwenye karatasi hafifu unaweza kumziba mtu pumzi. Nilistaajabu kama mtoto, na sioni haya kusema hivyo.

Gari likaisha, mimi sijaisha. Yule bwana akaniangalia, akanihurumia, akaniazima. Lakini kwanza alinisomea masharti.

"Hii ni ya msichana wangu. Ako Nakuru na mamake, ana miaka kumi na moja. Huyo mtoto kila kitu anapata imetumika. Nguo ni za binamu, baiskeli ni ya binamu. Nimemwahidi hizi zitakuwa mpya kabisa, zote kumi, nikienda likizo. Kila Ijumaa nikipiga simu namhadithia kidogo. Picha hajaona hata moja." Akakifuta kitabu kwa kiganja, na vumbi halikuwapo. "Usikunje. Usikule ukisoma. Chai, hapana kabisa."

Alikuwa hajamwona mtoto wake kwa miaka miwili. Niliapa kwamba kitabu kitarudi kama kilivyotoka.

Siku ya pili yake nilichelewa kuamka, nikatoka mbio kwenda kazini, na kitabu nikakiacha kwenye kochi la ukumbini, hatua moja kutoka kwenye mswala.

Niliporudi alasiri nilimkuta Bibi amekaa kwenye kochi lile lile, miwani puani, kitabu mapajani, kalamu ya buluu mkononi.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Nnawakata," alijibu bila kuinua kichwa. "Umeniwekea watu na vinyago vyao mbele ya mswala. Nimetoa salamu ya kumaliza adhuhuri, nkaona wananikodolea macho."

"Kitabu si changu hicho! Ni amana ya watu!"

Hapo akainua kichwa. Amana kwa Bibi si neno dogo. Alitaka kusema kitu, lakini mimi sikumpa nafasi. Nilimfokea. Nilimwambia ameharibu kitu cha mtoto wa watu, na kwamba karatasi haiumi na malaika hawana haja na katuni. Nilimnyang'anya kitabu mkononi, nikapanda juu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kupandisha sauti mbele ya mwanamke yule, na hata sasa nikiikumbuka sauti yangu ya siku ile natamani kujizaba kofi.

Chumbani nikakaa kitandani kuhesabu hasara. Kwanza niliona kwamba alikuwa ameanzia mahali penyewe, kulia, kama anavyofungua msahafu. Hakuna aliyemwelekeza. Kurasa za mwanzo zilikuwa machinjio. Mistari imenyooka, mizito, nadhani aliipiga kwa ukingo wa ubao wa kalenda ya saa za sala. Mwekundu kakatwa, wa buluu kakatwa, muuza samaki aliyepita njia tu naye kakatwa. Nilipofika ule ukurasa wa macho, nikakuta hakuna mstari. Nilisema moyoni kwamba hapo hakuona shingo ya kukata. Kisha nikaona alama ndogo ya wino pembeni, pale kalamu ilipotua na kubaki.

Baada ya ukurasa huo mistari ilianza kubadilika. Ikawa mifupi, halafu myembamba, kama mtu anayetimiza wajibu huku moyo umo kwengine. Bibi hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alikuwa na picha tu. Karibu na mwisho, mdogo wao, msichana wa barakoa ya njano, anawapa wenzake fungu lake lote la nguvu, anavua barakoa, analala chini. Kurasa nne zile hazikuwa na alama yoyote. Na kuanzia hapo hakumgusa tena hata mmoja katika wale watano. Alilolikata ni jitu. Kila lilipotokea, dogo au kubwa, kwa mbele au kwa mgongo, alilikata shingo, tena si mara moja. Ukurasa wa mwisho nilihesabu mistari tisa, kalamu imetoboa karatasi.

Nilibaki nimekishika kitabu kile. Nimewahi kusoma maelezo mengi ya watu wenye elimu zao kuhusu vitabu, lakini sijawahi kuona msomaji akiacha nyayo zake wazi namna ile, toka alipoingia kama adui mpaka alipojiunga na kikosi. Nilimwogopa Bibi kidogo, kwa heshima.

Asubuhi nikashuka kumwomba radhi. Nilibusu kichwa chake, nikabusu na mkono. Alinisamehe haraka, maana alikuwa na jambo lake.

"Yule mdogo wa njano," alisema, "kaamka?"

"Sijui, Bibi. Inaendelea kitabu cha pili."

"Juzuu ya pili iko wapi?"

"Kwa mwenyewe. Nami sina uso wa kuiomba."

Akatikisa kichwa pole pole. "Mwambie ni mimi. Usisingizie mtoto wala paka. Sema bibi yangu kaharibu amana, ana kosa." Akanifungia halwa ya kumpelekea.

Nilikwenda kwanza duka la vitabu. Walikuwa wamebakiwa na kitabu cha sita kwenda mbele, cha kwanza hakuna, wala hawakujua kama kitakuja. Nikaenda Ghala na halwa yangu. Yule bwana alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakunifokea. Ningefurahi kama angenifokea.

"Hii ilikuwa iwe mpya," alisema.

Nikamweleza yote, malaika, mswala, kopo la maziwa. Alisikiliza huku anageuza kurasa, mpaka akafika pale mistari inapokoma. Alirudi nyuma, akaja tena mbele.

"Kwa nini hapa ameacha?"

"Sikumuuliza," nikasema. "Lakini asubuhi aliniuliza kama yule mdogo ameamka."

Akakifunga kitabu, akakitia kwenye droo, akamwita mwenye gari aliyefuata. Nilitoka pale nikijua nimemvunjia baba ahadi yake, na hakuna halwa ya kufidia hilo.

Jumapili akanipigia simu nipite. Nilimkuta amesimama nje ya gereji, kwenye kivuli kidogo cha paa.

"Ijumaa nilimwambia msichana ukweli," alisema. "Nikamwambia kuna shosho, nyanya ya mteja wangu huku Oman, amekata watu wa kitabu shingo na kalamu, kwa sababu anasali hapo. Akanyamaza. Nikajua analia. Kumbe anafikiria. Akaniuliza, 'Baba, na wa njano alimkata?' Nikamwambia mwanzo ndiyo, mwisho hapana. Akasema basi nisitafute ingine. Anataka hiyo." Alipangusa jasho, au alijifanya ni jasho. Kisha akanipa kitabu cha pili, kimefungwa kwa mfuko wa plastiki. "Mpelekee shosho. Lakini hii asichore, tafadhali. Moja inatosha."

Nikampelekea Bibi na sharti lake: hakuna mstari, hata wa jitu. Alikipokea kwa mikono miwili. Mashujaa wote watano walikuwa kwenye jalada, na vichwa vyao. Bibi akawatazama, akautazama mswala wake, akawatazama tena. Nilimwambia nitakiweka kwangu juu, niwe nakileta akishasali. Akakiweka mapajani.

Siku ya pili niliporudi kutoka kazini, kitabu kilikuwa juu ya kochi, kimefunuliwa katikati, safi. Mswala haukuwapo. Kiti cha plastiki hakikuwapo. Niliita, sikuitikiwa. Nikazunguka nyumba nzima mpaka kile kichumba cha nyuma ya jiko, kunakokaa mashine ya kufulia na magunia ya mchele. Kiyoyozi hakuna mle, na dirisha ni la kutoa moshi tu. Bibi alikuwa kwenye kiti chake kati ya magunia, anasali, kanga imemganda mgongoni kwa jasho. Nikasimama mlangoni mpaka akatoa salamu.

"Bibi, huku joto litakuua. Rudi pahala pako."

"Ntazowea," alisema, akipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Wale watoto watano waache pale penye ubaridi. Wamechoka."