Mpira Uliobaki kwenye Injini ya Mkunga

Saa moja na robo asubuhi, fundi anatandika mkeka uani. Anauvuta mpaka usawa wa tairi la mbele la gari, kisha anaukanyaga mara mbili kuhakikisha hakuna kijiwe chini yake. Kipo. Anakitoa na kukitupa pembeni, na mwenye nyumba, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai, anakohoa.

"Maua yangu hayo, fundi."

"Samahani, mama."

Fundi anakifuata kijiwe kwenye maua, anakiokota na kukitia mfukoni.

Hawa si watu wanaotaniana. Ni mara ya kwanza kwa fundi kukanyaga ua huu baada ya miaka mitatu. Mara ya mwisho alipofanya kazi hapa, aliua injini ya gari hili hili.

Mtaani anaitwa Fundi Mkeka. Ana miaka arobaini na mmoja na mwili mwembamba unaopita chini ya gari bila shida. Kazi yake ni moja tu: anakufuata nyumbani, anabadilisha oili ya injini na filta, anaondoka. Breki hagusi. Gia hagusi. Ukimwomba akuangalizie redio anacheka mpaka wewe mwenyewe unaona aibu.

Mkeka wenyewe ni wa plastiki, wa rangi ya kijani, na mke wake ana kesi nao. "Niliununua wa sebuleni," anasema mke huyo, ambaye ni mshonaji. "Siku moja akauazima aende nao kazini, eti asichafue shati. Ndiyo nitolee! Mpaka leo sebule yangu iko wazi, na mashati bado nafua mimi."

Kwa siku nzuri fundi hupata magari mawili. Kwa wiki mbaya hupata mawili vilevile. Baiskeli yake hubeba kila kitu: jeki, stendi mbili za chuma, spana, beseni, matambara, na madumu mawili, moja la oili mpya na jingine la oili chafu. Ile chafu haimwagi chini. Huipeleka kwenye gereji kubwa inayokusanya oili iliyotumika, na huko wanamwita mzee wa usafi.

Leo gari ni saluni ndogo nyeupe iliyokula chumvi nyingi. Mwenyewe, yule wa kikombe cha chai, ni mkunga wa hospitali, mwanamke wa miaka hamsini na nane, na amevaa tayari sare ya kazi. Zamu yake inaanza saa nne. Amemwambia fundi hivyo mara mbili, na mara zote mbili fundi amejibu, "Nimesikia, mama."

Injini inawashwa na kuachwa iungurume dakika tano, oili ipate joto na iwe nyepesi. Inazimwa. Fundi anaweka matofali nyuma ya matairi, anapiga jeki, anasimamisha stendi, kisha analitikisa gari kwa mikono miwili kabla ya kuingia chini. Beseni linasukumwa mahali pake. Nati inafunguliwa kwa spana, mizunguko ya mwisho kwa vidole, na oili inashuka nyeusi tii.

"Nilikuwa na wateja thelathini na mmoja," anasema akiwa chini ya gari, miguu tu ikionekana. "Baada ya yale mambo nikabaki na tisa."

Yale mambo ni haya. Miaka mitatu iliyopita, katika ua huu, alifungua filta kuukuu ya gari hili. Kila filta ina mpira wa duara, mwembamba, ukubwa wa bangili ya mtoto, unaozuia oili isivuje. Filta ilitoka, mpira ukabaki umeganda kwenye injini. Fundi hakuuona. Mvua ilikuwa inaanza, na alikuwa na gari jingine la kuwahi. Akafunga filta mpya, yenye mpira wake, juu ya ule wa zamani. Akawasha injini kidogo, akaona pakavu, akakunja mkeka.

Mipira miwili haikai pamoja. Jioni ile mkunga aliitwa hospitali kwa dharura. Katikati ya njia mpira mmoja uliteleza na oili yote ikamwagika barabarani. Taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi.

"Niliiona," anasema mkunga. "Lakini kuna mama anajifungua ananisubiri. Nikasema nifike kwanza, taa baadaye. Gari likagongagonga kama mtu anavunja mlango, likazima. Nikamalizia kwa miguu, na viatu mkononi."

Mwenzake alikuwa ameshampokea mtoto, na mama na mtoto walikuwa salama. Injini ilikuwa imekufa.

Wiki ile ile fundi aliuza pikipiki yake, akanunua injini iliyotumika, akaipakia kwenye mkokoteni na kuileta mpaka hapa mlangoni. Hakuitwa. Mkunga anayakumbuka maneno aliyomwambia, na hayafichi.

"Nilimwambia, injini nimeipokea. Lakini wewe usiiguse."

Akaifunga fundi mwingine. Tangu hapo wawili hawa walikutana njiani, wakasalimiana vizuri tu, shikamoo, marahaba, na kila mtu akashika njia yake. Fundi anamwambia mwandishi wa makala haya kwamba salamu zile zilimuuma kuliko matusi. "Angenitukana ningejua tumemalizana. Wateja wengine wamerudi, nashukuru. Lakini nisipolirudia gari hili, mimi bado ni yule aliyemwacha mkunga barabarani. Hili moja tu, dada mwandishi. Likinikubali hili, nitalala."

Kilichomrudisha ni msumari. Baada ya kosa lile fundi alijiwekea utaratibu: hafungi filta mpya mpaka mpira wa zamani uwe mkononi mwa mwenye gari. Si kuonyeshwa, kukabidhiwa. Mwanzoni walimcheka. "Umekuja kubadilisha oili au kunivisha pete?" aliulizwa na seremala mmoja, jirani wa ukuta mmoja na mkunga. Seremala yule akaanza kuitundika mipira yake kwenye msumari wa karakana. Ilipofika saba, mkunga, aliyekwenda kuchongesha mguu wa kiti, aliuliza ni vitu gani. Akaelezwa. Alikaa na jibu hilo wiki nzima, kisha akapiga simu.

Sasa oili imeisha kushuka. Nati imefutwa na kurudishwa, gari limeshushwa chini. Filta ya gari hili hufikiwa kwa juu, kwa hiyo fundi ameinama kwenye boneti, anaizungusha taratibu kwa spana ya mkanda. Inalegea. Anaitoa, anaigeuza, anaitazama.

Anaitazama tena.

Pale panapokaa mpira pana mfereji mtupu.

Mkunga ameshusha kikombe. Fundi angeweza kuingiza mkono, akaubandua kimya kimya, na hakuna ambaye angejua. Mwandishi wa makala haya aliyekuwa hatua mbili tu pembeni asingejua. Lakini fundi amenyooka, jasho linamtoka usoni.

"Mama, njoo uone. Umebaki tena."

Mkunga haji. Anaingia ndani. Fundi anabaki ameshika filta, oili ikimchuruzikia mpaka kwenye kiwiko, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaonekana mtu aliyeishiwa nguvu. "Basi," ananong'ona. "Basi tena."

Mkunga anarudi akiwa amevaa glavu za kazini.

"Nisogezee taa," anasema.

Fundi anamulika kwa simu. Mkunga anaingiza mkono penye kitako cha filta, pale inapofungwa kwenye injini, anapapasa polepole akiangalia pembeni, kama watu wanaotegemea vidole kuliko macho. Vidole vinasimama mahali fulani. Anaingiza ncha ya kidole, anavuta kidogo, anazunguka, anavuta tena. Mpira unatoka. Anaulaza kwenye kiganja, anaukagua duara zima, anaupindua, anaukagua upande wa pili.

"Umetoka wote," anasema. "Hakuna kipande kilichobaki."

Kisha, bila kumwangalia fundi, anaongea maneno mengi kuliko aliyosema tangu asubuhi. "Sisi mtoto akitoka, watu wanapiga vigelegele, lakini mkunga hajamaliza. Anasubiri kondo la nyuma. Likitoka analitandaza, analikagua. Kikibaki kipande, mama anavuja damu huku watu wanamfurahia mtoto. Wewe siku ile ulifurahia mtoto, fundi."

"Ni kweli, mama."

"Leo umesubiri."

Fundi anafuta kitako cha filta kwa tambara safi, anapitisha kidole chake, anamwomba mkunga apitishe na cha kwake. Anapaka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, anaifunga kwa mkono mpaka iguse, anaongeza robo tatu ya mzunguko. Anamimina lita tatu na nusu, anapima kwa stiki, anaongeza kidogo, anapima tena. Injini inawashwa. Pakavu.

"Zunguka nalo dakika kumi," anamwambia, "urudi nilikague likiwa na joto. Taa ikiwaka, zima hapo hapo."

"Safari hii nitazima," anasema mkunga, na kwa mara ya kwanza wote wawili wanacheka.

Dakika kumi zinapita. Kumi na tano. Fundi ameacha kukusanya vyombo. Anakwenda mpaka getini, anarudi, anakwenda tena. Dakika ya ishirini na mbili gari linaingia, na mkunga anashuka na mkate mkononi.

"Nilipita dukani. Mbona umekauka hivyo?"

Fundi yuko mkekani tayari, anapitisha tambara jeupe chini ya injini. Linatoka jeupe. Analitoa nje, analiweka juu ya boneti, watu walione.

Saa tatu na nusu. Fundi huwa anaacha kikaratasi chenye kilomita za kubadilisha oili tena. Mikono yake ni michafu, kwa hiyo leo anaandika mkunga. Anasoma dashibodi, anajumlisha elfu tano, anakibandika kwenye fremu ya mlango. Mpira wa zamani ameshaufunga kwenye kitasa cha dirisha la jikoni.

"Zikifika kilomita hizo," anasema akipanda garini, "zamu zangu unazijua zilivyo. Usipate shida ya kunitafuta. Ufunguo nitauacha kwa seremala. Njoo ufanye kazi yako, hata nisipokuwepo."

Mtu mwingine aliyesubiri miaka mitatu, hapo ndipo angeshukuru na kukunja mkeka. Fundi anatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Nitakusubiri utoke kazini," anasema. "Usipokuwepo, mpira nitamkabidhi nani?"